Kasha Jekundu la Azzam

Kabla ya kubisha hodi, Ghaith aliviangalia viatu vilivyopangwa mlangoni. Vyote vilikuwa vya kike. Akashusha pumzi. Hakuna mnunuzi aliyemtangulia.

Alijua amekuja mapema kuliko adabu inavyoruhusu. Azzam alikuwa amezikwa miezi minne nyuma, mjane wake Bi Nasriya bado anakaa eda, na mwanamume wa kando hakuwa na la kufanya katika nyumba ile ila kutoa pole na kuondoka. Pole aliitoa siku ya maziko. Leo alifuata kasha.

Kasha lenyewe aliliona mara moja tu, katika duka la mtaa wa Hamriya, hapa Muscat, lililokuwa likiuza roketi ndogo za kuunda mwenyewe. Juu lilikuwa na picha ya roketi nyekundu. Ndani mlikuwa na mrija wa karatasi ngumu, mapezi ya mbao nyepesi na mwavuli wa kuishushia. Lilikuwa la mwisho. Ghaith alikwenda nyumbani kuchukua pesa. Aliporudi, mwenye duka alimwambia Azzam amelichukua.

Sasa duka lile linauza vifuniko vya simu. Siku hizi ukiagiza roketi unaletewa ya plastiki, imekwisha kuundwa, kazi yako ni kuiwasha tu, na injini za baruti zenyewe hupatikana kwa bahati. Vijana wamehamia kwenye droni. Watu wa gundi na msasa walibaki wachache, na kati ya hao wachache Azzam alikuwa wa kwanza kila mwaka katika mashindano ya kurusha, kwenye uwanda wa nyuma ya kijiji cha Yiti.

Ghaith hakumsamehe. Roketi za Azzam zilipanda kama zilizovutwa kwa uzi. Za Ghaith zilipanda, zikasita, zikapinda. Yeye alirudi nyumbani na gundi kwenye kucha, haitoki kwa sabuni wala kwa mafuta. Azzam alikuwa na vidole safi kama vya karani wa benki. Akiulizwa anayanyoosha vipi mapezi yake, alicheka tu. "Mambo ya nyumbani hayo," alisema. Mwaka mmoja tu hakurusha. Mkewe alikuwa Unguja kumuuguza dada yake, naye Azzam akasema mafua yamemshika. Ghaith alishinda mwaka huo, na kikombe kile hakukipenda hata siku moja.

Theodora, mtumishi wa nyumba, mwenyeji wa Bukoba, alimkaribisha sebuleni, akamwekea kahawa na halua, akasikiliza haja yake.

"Nitamwambia Mama," alisema. "Lakini Baba, eda haijaisha. Watu wakikuona hapa watasema umekuja kuposa."

"Mwambie nnataka kununua vitu vya marehemu, basi. Bei aseme mwenyewe."

Theodora alipoinua pazia la mlango wa ndani, harufu ya gundi ilimfikia Ghaith pale alipokaa. Ikamchoma. Mtu amekwisha kufa, na harufu ya kazi yake bado inatawala nyumba.

Theodora alirudi na swali badala ya jibu. Mama anauliza, yeye mgeni ana makasha mangapi ambayo hajayafungua?

Ghaith aliinua kidevu. Alisema anayo matano, ya zamani, ya mbao, na kwamba Muscat nzima hayupo mwengine mwenye hata moja.

Theodora akaingia, akatoka. Mama anauliza anayaweka wapi yasipate unyevu. Akaingia tena, akatoka. Mama anauliza kama anaishi na mtu wa kuyagusagusa. Ghaith akajibu kwamba makasha yako chumbani, kwenye kiyoyozi, na kwamba tangu kufiwa na mkewe anaishi peke yake. Theodora akamtazama kwa jicho la pembeni.

Mara ya nne alirudi taratibu zaidi. "Mama anasema ile roketi yako ya bluu ya mwaka jana ilipinda kwa sababu pua yake ilikuwa nyepesi."

Masikio ya Ghaith yalipata moto. Kumbe Azzam alikuwa akimrikodi kwa simu, kisha akikaa na mkewe kumcheka. Hata kaburini anamshinda. Lakini kahawa ilipopoa kidogo, wazo jengine lilimjia. Mwanamke anayekumbuka rangi ya roketi ya mtu mwaka mzima, anayeuliza anaishi na nani, hakumbuki roketi peke yake. Ghaith aliinyoosha kofia yake. Akaitazama sebule ile, mazulia yake, kabati la vikombe vya Azzam, kwa jicho la mwenye nyumba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumuonea Azzam wivu.

"Mwambie," alisema, na sauti yake imelainika, "lile kasha jekundu likiwa mikononi mwangu, jina la Azzam halitapotea. Nitairusha roketi ile kwa jina lake. Na jengine lolote ambalo Bi Nasriya atakuwa nalo moyoni, nnajua kusubiri."

Theodora aliingia. Safari hii nyuma ya pazia kulisikika kicheko kifupi cha kike. Ghaith akajiweka sawa kitini.

Theodora alitoka mikono mitupu.

"Mama anasema kasha jekundu haliuzi, roketi yake imebaki kupakwa rangi tu. Anauliza hayo yako matano utamwachia kwa bei gani. Eda inaisha Jumanne, na kwa kuwa hana tena mtu wa kumrushia roketi zake, Ijumaa atakwenda Yiti kurusha mwenyewe."