Wimbo Kaburini kwa Mama Ngedere

Mama yake Ngedere alizikwa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Kabla ya kufa alikuwa ameomba mwanawe ampigie gitaa kaburini, wimbo aliombembelezea utotoni.

Ngedere alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi ya msituni, na sifa yake ilikuwa kasi. Jirani yake, Komba, alikuwa amejifunza wimbo huohuo kipande kwa kipande. Kidole kikikosea uzi, alisimama, akakiweka sawa, akaanza tena.

"Bwana Komba, huo ni wimbo au unahesabu nyuzi?" Ngedere alizoea kumtania.

"Nauzoesha mkono usikosee. Wewe kile kipande cha katikati hukipigi, unakiruka."

"Ngoma ikilia, nani atasikia?"

Kwa desturi yao, ngoma hazipigwi mazikoni. Jumamosi hiyo, kando ya kaburi lililokuwa bado wazi, Ngedere alianza peke yake, polepole, kama msiba unavyotaka. Alipofika katikati, vidole vilikimbia, vikakiruka kile kipande kama vilivyozoea. Alirudia. Vikaruka tena. Waombolezaji wakainamisha vichwa.

Ngedere alimwendea Komba. "Ndugu yangu, nipigie wewe."

"Mama alikuomba wewe."

"Najua. Lakini aliutaka mzima."

Komba alipokea gitaa, akaupiga wimbo polepole, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuacha kitu. Ngedere alichukua jembe, akamfukia mama yake.