Hita Inayojiwasha

Zamda alikaza skrubu ya mwisho, kile kidude cha kupangia joto kikatulia ukutani, juu ya hita mpya. Yeye na baba yake waliishi ndani ya basi kuukuu walilolifanya nyumba, na baridi ya mji ule wa milimani haikuwa na adabu. Kila alfajiri Zamda ndiye aliyetangulia kuamka, akapiga kiberiti na kuwasha hita ya zamani, ndipo magoti ya mzee yalipokubali kukunjuka.

"Hiki unakipangia saa, baba. Saa kumi na moja alfajiri hita inajiwasha, jua likitoka inajizima. Hutagusa kitu."

Mzee alikitazama kidude, kisha akamtazama binti yake.

"Na wewe utakuwa wapi?"

Bisibisi ikamponyoka Zamda mkononi. Wiki nzima alikuwa akitafuta namna ya kumwambia kwamba amepata kazi mbali. Kumbe leo amemwambia bila kusema.

"Baba..."

"Haya, kijaribu tukione."

Zamda akabonyeza. Hita ikawaka yenyewe, joto likaanza kusambaa. Mzee hakuisogelea. Alijikongoja hadi rafuni, akachukua kile kiberiti, akakitikisa sikioni kusikia kama njiti bado zimo.

"Huko uendako nani atakuwashia?" aliuliza, na bila kungoja jibu akakitia mfukoni mwa koti la Zamda lililotundikwa mlangoni, akaufunga mfuko kwa kifungo.