Kipimo cha Sikioni

Kila mwezeshaji wa semina za mashirika alivaa kipimo sikioni, hata nyumbani. Kilimpima anavyosikiliza watu, na akishuka kiwango alinyang'anywa kibali cha kufundisha.

Jioni moja Tumpe, mmoja wa wawezeshaji hao, alimkuta binti yake, Sekela, analia jikoni. Sekela alikuwa amefukuzwa chuo.

“Naona una huzuni,” Tumpe alisema taratibu, kama alivyowafundisha wengine. “Ungependa kunieleza zaidi?”

“Vizuri sana,” kipimo kilimnong'oneza.

Sekela alimtazama. “Mama, unaongea na mimi au na hicho kidude?”

Tumpe alikichomoa, akakiweka mezani.

“Haya, sasa niambie kitu,” Sekela alisema.

Tumpe alifungua mdomo. Alitafuta neno ambalo hakufundishwa, akalikosa.