Uzi Niushikize Wapi?

"Uzi niushikize wapi?" Buibui aliuliza, akikitazama kiwanja kitupu.

Alikuwa fundi wa kufuma nyuma ya mlango wa jikoni, na kila utando wake uliifuata kona ile: hapa umekwepa moshi, pale umezunguka bawaba. Beberu, aliyejipa mwenyewe cheo cha mkuu wa sanaa (nani alimchagua, hatujui), hakupendezwa hata kidogo.

"Kazi zako zinanuka jikoni, binti. Fuma kitu kisicho cha mahali popote, la sivyo nitaamuru kona yako ifagiwe."

Ndipo akampeleka kwenye kiwanja hicho, kilichofyekwa hadi kijiti cha mwisho, wanyama wamekaa pembeni wakitazama.

Buibui akageuka huku na huku. Katikati ya kiwanja kilisimama kitu kimoja tu: Beberu mwenyewe. Akamkwea.

"We! Unafanya nini?"

"Nafuma, mzee. Si umesema nifume?"

Akashikiza uzi kwenye pembe ya kulia, akauvuta hadi ya kushoto, akashuka nao ndevuni, akaupitisha mbele ya mdomo. Jua likaupiga, ukametameta.

"Jamani, ni yeye mtupu!" Bata akashangilia. "Hadi harufu!"

Beberu akataka kubisha.

"Funga mdomo, utauchana!" wanyama wote wakamfokea.

Akafunga. Buibui akateremka, akajiendea zake nyuma ya mlango.

Nawe uliyenisikiliza, leo ukifagia jikoni, ile kona iache.