Kutoa Upepo

Fundi Kombo alimaliza kufunga kalipa mpya za breki za nyuma kwenye gari la mashindano la mwanawe. Haidari alikuwa ameziagiza akiwa hospitalini. Sasa aliketi nyuma ya usukani, kiti chake cha magurudumu kikiwa kando ya mlango.

Ilibaki kutoa upepo kwenye breki, kazi ya watu wawili: mmoja hukanyaga pedeli, mwingine hulegeza skrubu huko chini. Kombo alilala chini ya gari, akashika spana, akasema kama alivyozoea, “Kanyaga, baba.”

Ndipo Kombo alipokikumbuka kile kiti cha magurudumu.

“Nisamehe, mwanangu. Nitamwita jirani.”

“Usimwite mtu. Wewe hesabu tu.”

Kombo akaanza kuhesabu. Juu yake, Haidari alilisukuma goti kwa mikono miwili, kiatu kikakwaruza sakafu, kikiitafuta pedeli.