Bakuli Tupu

Tangu jiko lake lipewe leseni ya kuuza vitumbua, Bi Mwanakheri alikuwa akiishi na Pua. Serikali iliibandika ukutani juu ya meko, kidude kisichozidi kifuu cha nazi, nayo ilinusa kila kilichoungua, kila kilichochacha, na kila kilichotaka kutoka bila muhuri.

Jana jirani yake, Bi Sikudhani, alimletea bakuli la ndizi za nazi. Leo Bi Mwanakheri aliliosha, akaanza kupanga vitumbua ndani yake kama alivyofunzwa na mama yake. Chombo cha jirani hakirudi kitupu.

"Ulipokea chakula, sasa unatoa chakula," Pua ikasema kwa adabu. "Hayo ni mauzo. Na jiko la mwenzako halina leseni. Tufunge lipi kwanza?"

"Mlaanifu wee! Huna hata mdomo wa kulia chakula, utajua nini wewe habari za ujirani?"

Lakini alivitoa vitumbua, kimoja kimoja, akalipeleka bakuli hivyo hivyo.

Bi Sikudhani alichungulia ndani, kisha akamtazama usoni. "Nimekukosea nini, shoga?"

"Ni sheria. Wangekufungia jiko lako."

"Sheria ndiyo iliyokufunza uchoyo?" Mlango ukabamizwa.

Bi Mwanakheri alirudi jikoni amefura kwa hasira. Vitumbua vilikuwa vimeshapoa. Akaokota kimoja, akakiinua hadi mdomoni.

"Bibi," Pua ikauliza kwa upole ule ule, "na hicho unampelekea nani?"