Siku Mzee Jaribu Alipomgeuza Ng'ombe

Ng'ombe aliganda hewani kwa mara ya saba, miguu ya mbele juu, na wageni wanne kutoka Vitongoji wakaguna.

Shadya, fundi wa kompyuta aliyeitwa kutoka Wete, hakuinua uso. Video yenyewe ilikuwa mtandaoni, imerekodiwa na mpita njia hapo Wingwi. Lakini kwenye kompyuta hii kuukuu ya Linux ilikatakata: ng'ombe anakata kamba, anamwelekea Mzee Jaribu, picha inaganda. Ikirudi, ng'ombe ameshatokomea migombani na mzee amesimama wima peke yake, kanga mkononi.

"Hapo katikati ndipo nilipomshika pembe," Mzee Jaribu aliwaeleza wageni. Walikuja kumwomba akawachezee ng'ombe, amkabili uwanjani mbele ya watu, sikukuu ijayo.

"Mtandao hauna kosa," Shadya alisema. "Prosesa imeelemewa, na kadi ya picha imekaa bure. Haina dereva wake, programu ya kuiendesha."

"Basi iache, mwanangu. Wameshaelewa."

"Mwache amalize kazi," alisema Bi Duni, mke wa mzee, akipitisha kahawa. "Watu wametoka mbali. Na waone vizuri."

Shadya alimpenda mzee papo hapo. Ni wachache wanaoona haya kusifiwa mbele za watu. Akaazimia kumfanyia kazi safi.

Akasakinisha dereva, akaingia kwenye mipangilio ya brauza, akaruhusu kadi ibebe kazi ya video. Kisha akaiwasha kompyuta upya. Mzee Jaribu akakumbuka kwamba ana mbuzi wa kufungua, lakini mgeni mmoja alimshika mkono akamkalisha.

Safari hii picha ilitiririka bila kukwama.

Ng'ombe alikata kamba. Mzee Jaribu aliruka, akajibanza nyuma ya mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo. Mwanamke akatua ndoo, akavua kanga ya mabegani, akampungia ng'ombe usoni, akamkwepa, akamzaba kofi la ubavuni. Ng'ombe akatimka. Mwanamke akamtupia mzee kanga apanguse jasho, akajitwika ndoo, akageukia kamera na kupita zake.

Mkubwa wa wageni alikiweka kikombe chini, akajisogeza mkekani kwa adabu.

"Bi Duni," alisema, "sikukuu ya kwetu ni mwezi ujao. Weye utapata nafasi?"